Kiu Isiyo ya Jua

Neno malenga lina makazi mawili. Pwani na visiwani ni jina la heshima la mtunzi bingwa wa mashairi. Bara, katika lugha ya Wagogo wa Dodoma, malenga ni maji. Misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ililijua neno hilo kwa machungu yake, kwani baina ya Mpwapwa na Ugogo ilikuwapo nyika iliyoitwa Marenga Mkali, nchi kavu iliyovukwa kwa haraka na kwa hofu ya kiu. Na waliofika ng'ambo ya nyika hiyo walilazimika kuwalipa hongo watemi wa Kigogo kabla ya kuruhusiwa kunywa na kupita.

Hata leo Ugogo ni nchi ya kuhesabu maji. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, baina ya Disemba na Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mji wa Dodoma, pamoja na kuwa ndio makao makuu ya nchi, kwa miaka mingi umekuwa ukinyweshwa na visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Vijijini, kiangazi kikishika, wanawake hufukua mchanga wa makorongo makavu na kungoja maji yachuruzike kidogo kidogo. Mtoto wa huko hujua kipimo cha kata ya maji kabla hajazijua hesabu za skuli. Kiu yake ni ya jua, na dawa ya kiu ya jua inajulikana na kila mtu.

Ipo, hata hivyo, kiu nyingine isiyo ya jua. Chanzo chake kimo ndani ya fuvu, chini ya ubongo, nyuma ya macho. Huja pamoja na maradhi adimu ambayo madaktari huyaita kraniofaringioma, na mara nyingi zaidi huja baada ya tiba ya maradhi hayo. Anayetaka kujua uzito wa maneno katika maisha ya mgonjwa na ayatazame maradhi haya yalivyo katika nchi kavu ya Dodoma.

Asili yake ni ya ajabu. Katika majuma ya mwanzo ya mimba, kifuko kidogo huchomoza katika paa la kinywa cha kilenge na kupanda juu, hadi kikutane na sehemu nyingine inayoteremka kutoka kwenye ubongo. Viwili hivyo huungana na kufanya tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake kwa mtu mzima ni kama punje ya njegere. Kisha njia ile hufungika. Lakini mara chache chembe fulani hubaki njiani, zikalala miaka mitano, kumi, au hata hamsini, kisha zikaanza kukua. Jakob Erdheim wa Vienna aliieleza asili hiyo mwaka 1904, na jina tulitumialo leo lilienezwa na Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani, mwaka 1932. Kwa watoto uvimbe huu huwa na vifuko vyenye majimaji mazito ambayo wapasuaji wamezoea kuyafananisha na mafuta ya injini, na huwa na vipande vigumu vya chokaa. Chembe zake ni jamaa za zile zinazofanya gamba la jino. Ni kipande cha kinywa kilichopotea njia kikaota kichwani.

Duniani hupatikana wagonjwa wapya kiasi cha nusu mtu hadi watu wawili kwa mwaka katika kila watu milioni moja, wengi wao wakiwa ni watoto wa miaka 5 hadi 14 au watu wazima waliovuka miaka 50. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Dodoma kuwa na watu zaidi ya milioni 3. Kwa kipimo hicho mkoa mzima ungetarajia wagonjwa wawili hadi sita kwa mwaka. Tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila ya kumwona hata mmoja, au akawa amemwona asimtambue.

Mmoja wa wachache hao alikuwa mtoto wa kike wa wilaya ya Chamwino. Jina lake na la kijiji chake yabaki kwa wenyewe. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, na alipotimiza miaka tisa kimo chake kilikuwa sawa na cha mdogo wake wa miaka sita. Sare aliyoshonewa alipoingia darasa la kwanza bado ilimtosha alipokuwa darasa la tatu, na bibi, ambaye fedha zake zilikuwa za kuuza karanga kwa kisado, aliihesabu hiyo kuwa ni nafuu. Kisha yakaja maumivu ya kichwa ya alfajiri, na matapishi yasiyotanguliwa na kichefuchefu. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, akapewa dawa ya minyoo. Kila dawa ilionekana kumfaa kwa siku mbili tatu, kwa sababu maumivu yenyewe yalikuwa ya kuja na kuondoka.

Baadaye akaanza kujigonga. Alikuwa akiwaona mbuzi waliokuwa mbele yake, lakini wa kulia na wa kushoto hakuwaona mpaka wampapase. Mishipa inayotoka kwenye macho mawili hukutana na kupishana juu kidogo ya tezi ya pituitari. Uvimbe ukikua hapo huiminya njia panda hiyo, na kitu cha kwanza kupotea ni pembe za nje za macho yote mawili. Mgonjwa huiona dunia kana kwamba ameivungulia mlango nusu.

Ugogoni ubovu wa macho una jina lililokwisha kuandaliwa. Wilaya ya Kongwa imejulikana kwa watafiti wa dunia tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya trakoma, maradhi ya vikope yanayostawi palipo na vumbi, inzi na uhaba wa maji ya kunawa uso. Hivyo mtoto asiyeona vyema hudhaniwa kuwa ni wa vikope. Huyu naye alipakwa dawa ya mafuta ya macho majuma kadhaa. Aliyeugeuza mwendo ni mhudumu mmoja wa macho, ambaye baada ya kuvibinua vikope na kuvikuta safi, alimkalisha mtoto mbele yake, akanyoosha vidole pembeni mwa uso wake na kumwuliza ni vingapi. Mtoto hakujibu, kwa kuwa hakujua kwamba kuna vidole. "Bibi," mhudumu alisema, "macho ya mjukuu wako ni mazima. Kinachoziba njia kiko nyuma yake." Kwa vidole viwili na dakika tano aliona kilichokuwa kimefichika kwa mwaka mzima. Kipimo cha CT kilithibitisha tu.

Majibu yalipotoka, familia ilielezwa kwamba ni uvimbe, lakini si saratani. Mjomba mtu alimshukuru Mungu kwa sauti, na habari ikatangulia kijijini kwa simu kwamba mtoto amesalimika. Hapo ndipo daktari alipopata kazi ngumu kuliko kuisoma picha, nayo ni kuirudisha nusu ya furaha aliyokwisha kuitoa. Katika lugha za Ulaya uvimbe wa namna hii hupewa jina lenye maana ya upole. Kiswahili kina uaminifu zaidi kinaposema "uvimbe usio saratani", kwani hutaja tu kile ambacho uvimbe sio, bila ya kuusifu. Chembe zake hazisafiri kwenda kwenye ini wala mapafu. Lakini zimekaa mahali ambapo majirani wote ni wa thamani: mishipa ya macho, tezi ya pituitari, na juu yake haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayotawala kiu, njaa, usingizi, joto la mwili na ukuaji. Chumba kikiwa kidogo, hata mgeni mpole huvunja vyombo. Ukizidi kukua, uvimbe huuziba hata mfereji wa maji ya ubongo, kichwa kikajaa, na hapo mgonjwa huhitaji mrija wa kuyateremsha maji hayo hadi tumboni kabla ya jambo lolote jingine.

Tiba yake imebishaniwa kwa miongo mingi. Wapo wapasuaji walioshika kwamba uvimbe wote ung'olewe mara ya kwanza, maana mara ya pili ni ngumu zaidi. Wapo walioshika kwamba kitolewe kinachokubali kutoka, na kilichogandamana na haipothalamasi kiachwe, kisha kichomwe kwa mionzi. Hoja ya kwanza ina nguvu, kwani mabaki yakiachwa hivi hivi aghalabu hukua tena, na hata uliodhaniwa kutolewa wote huweza kurudi. Hoja ya pili nayo ina ushahidi wa wagonjwa waliotolewa uvimbe wote wakabaki na mwili usiojua shibe wala kiu. Leo vituo vingi vimeelekea upande wa kuilinda haipothalamasi. Uvimbe mwingine hufikiwa kwa kufungua fuvu, mwingine kwa kupitia tundu za pua, kulingana na mahali ulipokaa na umri wa mgonjwa.

Kwa mtu wa Dodoma, njia ya kuifikia tiba hiyo imefupika kuliko ilivyokuwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ina vipimo vikubwa na hufanya upasuaji wa ubongo. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo pamoja na jina lake la mifupa ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini, na iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika majengo ya Kijerumani yanayoitazama bahari, ambako mashine za kisasa za mionzi zilianza kazi mwaka 2018. Mionzi ya uvimbe huu hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kwa majuma yapatayo sita. Kutoka Dodoma ni kiasi cha kilomita 450 kwa barabara. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024, safari iliyokuwa ya kutwa nzima imekuwa ya saa chache. Lakini majuma sita ya kulala Dar es Salaam bado ni majuma sita, na shamba la uwele halimngoji mtu.

Si zamani sana hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 2006, wakati Tanzania yenye watu wanaokaribia milioni 40 ilikuwa na wapasuaji wa ubongo wasiozidi watatu, daktari mmoja kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, juu ya uwanda huo huo wa kati ya nchi, kaskazini ya Singida. Badala ya kuhesabu vichwa atakavyovipasua mwenyewe, alimfundisha daktari msaidizi wa hapo, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji wa ubongo, na Mayegga naye akawafundisha wengine. Msomaji wa Unguja anao mfano wake wa karibu katika kituo cha upasuaji wa ubongo cha Mnazi Mmoja, kilichofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania. Mifano hiyo miwili inaonyesha kuwa mkono wa kulifungua fuvu hufundishika. Maradhi haya lakini hayaishii kwenye mkono huo. Mpasuaji hukaa na mgonjwa saa sita au nane, na baada yake huja miaka arobaini ambayo mgonjwa atakaa na bibi, na mwalimu, na mwenye duka la dawa, na mume au mke pindi akijaaliwa.

Mtoto wa Chamwino alipasuliwa Dar es Salaam. "Mama," mpasuaji alimwambia bibi kwa adabu iliyompendeza, "nimetoa kinachokubali kutoka. Kilichobaki tutakiachia mionzi." Macho yake hayakurudi yote, ila hayakuendelea kupotea. Siku ya pili yake ikaanza kiu.

Mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji ya mvua, na haukukoma. Alikunywa chupa baada ya chupa, akaamka usiku kuomba tena. Bibi, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiamka saa tisa za usiku kuwahi foleni ya kisima, alitazama kwa mshangao. "Mbona mjukuu wangu ana kiu ya ng'ombe aliyetoka machungani?" aliuliza. Muuguzi alimweleza kwa lugha ya nyumbani. Kichwani kuna homoni inayoziamuru figo zisiyaachie maji, nayo huitwa vasopresini. Hutengenezwa na haipothalamasi, huhifadhiwa kwenye pituitari, na njia yake ilipita pale pale palipopasuliwa. Isipokuwapo, figo huwa kama mtungi uliotoboka, na mtu huweza kupoteza lita tano, nane, au zaidi kwa siku moja. Kwa wengine hali hiyo hupita baada ya siku chache, kwa wengi haiondoki. Dawa yake ni desmopresini, na ipo ya kutia puani na ipo ya vidonge. Ile ya matone aghalabu hutaka jokofu, kwa hivyo kwa nyumba isiyo na umeme kidonge ndicho kinachofaa, kikipatikana. Nayo dawa ina upande wake wa pili. Anayeimeza na huku akaendelea kunywa kwa mazoea hujaza maji mwilini, chumvi ya damu ikashuka, na degedege likaja. Ndiyo maana wengi huelekezwa kungoja mkojo ufunguke mara moja kwa siku kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Kutoka hospitali, mtoto alirudi na karatasi. Humo kiu yake iliandikwa kwa jina lake kongwe la kitabibu, ambalo kwa Kiswahili hufupishwa kuwa aina ya kisukari. Kijijini neno kisukari lina maana moja. Majirani wenye huruma walimwondolea chai ya sukari, wakampunguzia uji, na, jambo lililokuwa baya kuliko yote, wakashauri asinywe maji mno kwa kuwa ndiyo yanayomkojoza. Kwa siku mbili mtoto alinyimwa maji kwa mapenzi. Midomo ilimkauka, akawa wa kusinzia na kuweweseka, na bahati yake ni kuwa muuguzi wa zahanati alikumbuka kupiga simu alikoandikiwa.

Kosa hilo halikuwa la kijiji peke yake. Katika hospitali za nchi tajiri pia wamekufa wagonjwa wa namna hii, kwa sababu wahudumu walilisoma jina, wakadhani ni kisukari cha kawaida, wakaacha kuwapa desmopresini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 mabingwa wa homoni wa jumuiya mbalimbali duniani walikubaliana kulibadili jina kongwe, na maradhi yakaitwa kwa kile yalicho: upungufu wa vasopresini. Mfasiri yeyote angeona fahari kuwa mmoja wa waliokaa katika kikao hicho. Walibadili maneno mawili, bila ya dawa mpya wala kisu kipya, ili watu wasife.

Baada ya kiu ikafuata njaa. Ugogo inalo kumbukumbu la njaa lisilofutika. Wazee husimulia Mtunya, njaa kuu ya baina ya 1917 na 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita vya kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua nazo zikakataa. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mtoto kunenepa ni habari njema. Mtoto huyu alipoanza kuomba sahani ya pili, kisha ya tatu, wageni walimpongeza bibi kwa malezi. Miezi ikapita, mashavu yakajaa, pumzi ikawa fupi, naye akakamatwa usiku akitafuna karanga za mbegu gizani. Ndipo alipochapwa kwa ulafi. Kumbe takriban nusu ya wagonjwa ambao haipothalamasi yao imeguswa na uvimbe au na tiba hupata unene wa aina hiyo. Haiwi tamaa wala utovu wa adabu. Kilichokatika ni kamba ya kengele ya shibe, na asiyeisikia kengele hawezi kulaumiwa kwa kutokutoka darasani. Bibi alipoelezwa hivyo alinyamaza muda mrefu, na tangu siku hiyo ghala la karanga likapata kufuli, na fimbo ikapata mapumziko.

Swali ambalo kila nyumba huuliza ni moja: atapona? Kiswahili kina ngazi nyingi za kulijibu. Mtu huwa hajambo, huwa ashekali, hupata nafuu, hupoa, hupona. Kwa maradhi haya neno kupona ni kubwa mno, na neno kufa ni la haraka mno. Katika nchi zenye vifaa kamili, taarifa nyingi huonyesha kwamba watoto wanane au tisa katika kila kumi huwa hai miaka kumi baada ya kugunduliwa. Hiyo ni bahati ambayo wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo hawaipati. Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya vidonge vya kila siku: desmopresini kwa ajili ya maji, hidrokotizoni kwa ajili ya nguvu za kuhimili maradhi, homoni ya tezi ya shingo, na, umri ukifika, homoni za balehe. Homoni ya ukuaji, ambayo hudungwa kwa sindano karibu kila siku, ni ghali kiasi kwamba wengi hawaioni, na kimo chao hubaki kuwa ushahidi. Nambari haivuki bahari peke yake. Ikiletwa Chamwino bila ya vidonge vilivyoibeba, huwa ni nambari ya watu wengine.

Yapo matumaini mapya, na ni haki kuyataja kwa mipaka yake. Mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba aina moja ya uvimbe huu, inayowapata zaidi watu wazima, huendeshwa na hitilafu ya jeni moja iitwayo BRAF. Mwaka 2023 jaribio dogo la vidonge viwili, vemurafenibu na kobimetinibu, lilionyesha kuwa uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 15 katika 16, kwa kiasi kikubwa mno kwa wengi wao. Ni habari ya kufurahisha kwa maradhi ambayo hayakuwahi kuwa na dawa ya kumeza. Aina ya watoto, yenye chokaa na mafuta ya injini, kwa kawaida haina hitilafu hiyo. Kwao tiba bado ni kisu, mionzi na uangalizi wa maisha.

Tena hatari iliyo karibu zaidi na mtoto kama huyu haimo katika uvimbe. Mwili wenye afya ukipata homa huongeza homoni ya kuhimili, na mwili usio na pituitari hauwezi. Malaria ya kawaida, ambayo kwa mwenzake wa dawati moja ni siku tatu za kulala, kwake yeye huweza kuwa ya mwisho. Kwa hivyo madaktari huamuru kwamba siku ya homa dozi ya hidrokotizoni iongezwe maradufu au zaidi, na akitapika vidonge apewe sindano na apelekwe hospitali pasi na kungoja. Sheria hiyo ni fupi. Ugumu wake ni kwamba lazima ijulikane na mtu aliye karibu saa ile, ambaye huenda akawa ni bibi asiyesoma, au mtoto mwenziwe.

Hapa mwalimu wa darasa lake aliazima chombo cha nyumbani. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki 1969, ni mtu wa bara kavu aliyekishika Kiswahili na bahari zake za ushairi hadi akahesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa wa lugha hii. Ndiye aliyeziasisi ngonjera, mashairi ya kujibizana, yaliyoenea skulini baada ya Azimio la Arusha la 1967 ili kulieneza somo kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mwalimu hakudai kuwa mshairi. Aliligawa darasa makundi mawili, moja likauliza na jingine likajibu: akiwa na homa, je? akitapika, je? akiomba maji katikati ya kipindi, je? Watoto walijibu kwa mdundo, wakacheka, wakarudi nyumbani nayo, na kabla ya mwezi kwisha bibi alikuwa akiijua yote, kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Katika masika yaliyofuata homa ilipokuja usiku, aliyesema "dozi iongezwe" alikuwa mdogo wake mtu, yule aliyelingana naye kwa kimo.

Wapo watakaosema kwamba ushairi wa namna hiyo si ushairi. Na waseme. Huko nyuma fani ile ile ilibebeshwa siasa ya taifa zima na haikuvunjika. Kubeba siha ya mtoto mmoja hakuwezi kuishusha hadhi.

Yanayotakiwa na wagonjwa hawa wachache wa Dodoma yanaweza kuandikwa katika nusu ukurasa. Wa macho ajue kupima pembe za macho. Duka la dawa liwe na vidonge vinne visivyokatika. Shule ipewe ruhusa ya kumwachia mtoto chupa ya maji mezani. Na kila mmoja avae shingoni au abebe mfukoni kadi, ambayo haihitaji fedha ya kutajika, bali mtu wa kuyachagua maneno. Iliyoandikwa na yule mwalimu, kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa, baada ya kusahihishwa na daktari, inasema hivi: Mtoto huyu hana ugonjwa wa sukari. Akiomba maji, mpe. Akiwa na homa, ongeza dozi ya dawa yake. Akitapika, mchome sindano kwanza, kisha ndipo uulize.